Kapusta zasmażana, hatua kwa hatua: kabichi chachu kama inavyopikwa majumbani Poland

Mlo mkuu wa siku nchini Poland, unaoitwa obiad, huliwa mchana au alasiri, na sahani yake ya pili kwa kawaida hubeba vitu vitatu: nyama, viazi na mboga. Mboga hiyo huweza kuwa mbichi, iliyokwaruzwa na kukolezwa limau, au huweza kuwa ya moto. Na katika zile za moto, ninayoichagua kila ninapopewa nafasi ni kapusta zasmażana, yaani kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, ikachemshwa taratibu, kisha ikashikamanishwa kwa kitunguu na unga uliokaangwa katika mafuta. Jina lake hutamkwa kapusta zasmazhana, ile zh ikitoka laini kama j ya Kifaransa. Utaikuta pembeni ya schabowy, kile kipande cha nyama ya nguruwe kilichopondwa na kuviringishwa kwenye chenga za mkate, au pembeni ya soseji ya kukaanga. Na katika mikahawa ya bei nafuu inayoitwa bar mleczny wapo wanaoila na viazi peke yake na kuondoka wameshiba.

Isichanganywe na bigos, ambayo watu wengi huitaja mara wanaposikia kabichi ya Kipolandi. Bigos ni chakula kikuu, kina nyama za aina kadhaa, na wengine hukipika siku mbili au tatu. Hii ni mboga tu, kwa maana ileile tunayoijua sisi tunaokula ugali: kitu kinachofanya chakula kingine kipite vizuri kooni. Hukamilika ndani ya saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo mpishi hana kazi.

Kabla ya moto kuwashwa, jambo moja linapaswa kueleweka, kwa sababu makosa mengi ya mapishi haya huanzia hapo. Uchachu si kasoro ya kabichi hii. Ndio ladha yenyewe, na kazi ya mpishi si kuuondoa bali ni kuutuliza kwa mafuta, kwa utamu wa kitunguu na kwa unga. Mara yangu ya kwanza kuipika sikulijua hilo. Niliionja ikiwa mbichi, uso ukanikunjamana, nikaisuuza kwenye maji ya bomba mara tatu nikiikamua kama nguo, na nilichopakua jioni ile kilikuwa nyuzi laini zisizo na habari yoyote. Bibi aliyenipangisha chumba alionja kidogo, akaweka uma chini, akaniuliza yale maji yake nimeyamwaga wapi.

Kununua kabichi iliyokwisha chachuka

Nchini Poland kabichi chachu huitwa kapusta kiszona, na katika masoko ya wazi bado huuzwa kutoka kwenye pipa: muuzaji huichota, huitia kwenye mfuko pamoja na maji yake kidogo, huipima kwa kilo, na hakatai ukiomba kuonja. Kuonja huko kuna maana, kwa kuwa kabichi ya Novemba, iliyochachuka majuzi tu, huwa na ukali mdogo na hutafunika kwa mlio, ilhali ile ya Machi au Aprili huwa imekaa miezi kadhaa na kukolea. Wilaya ya Charsznica, kaskazini ya Kraków, imejijengea jina kwa zao hili kiasi cha kuitwa mji mkuu wa kabichi wa Poland, na kila mwaka hufanyika sherehe ya kabichi huko. Aina ya zamani inayopendwa kwa kuchachusha inaitwa Kamienna Głowa, yaani kichwa cha jiwe, na jina hilo linatosha kueleza sifa inayotakiwa: kichwa kizito, kilichofumbana, chenye majani meupe na maji mengi.

Anayenunua iliyofungwa kwenye chupa asome orodha ya viungo nyuma yake. Inapaswa kuwa na kabichi, chumvi, na pengine karoti na kisibiti. Kipolandi chake ni kapusta, sól, marchew na kminek. Ukikuta neno ocet, ambalo ni siki, basi kilichomo ndani ni achari ya kabichi na si kabichi iliyochachuka yenyewe, na ukali wake ni wa upande mmoja, haubadiliki kuwa mtamu hata ukipikwa mchana kutwa. Walioko London, Chicago na miji mingine yenye Wapolandi wengi hawatapata shida, kwa sababu maduka yao huwa na bidhaa hii mwaka mzima. Kwa aliyeko Arusha, Nairobi au Bujumbura, njia ya uhakika zaidi ni kuitengeneza mwenyewe, nayo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa.

Kuchachusha nyumbani

Kwa kabichi mbichi ya kilo 2, iliyokwisha kusafishwa na kukatwa, chukua gramu 40 za chumvi, yaani gramu 20 kwa kila kilo. Kiwango hiki kisikadiriwe kwa macho kama mizani ipo. Chumvi ikipungua sana kabichi hulainika na huweza kuoza. Ikizidi sana uchachu huchelewa na mboga hubaki na chumvi isiyotibika. Asiye na mizani atumie kijiko cha chakula cha chumvi laini kilichojaa kupita usawa kidogo kwa kila kilo. Wapolandi hupendelea chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto, lakini chumvi yenye madini joto inayouzwa madukani kwetu inaifanya kazi hiyo pia.

Bandua majani mawili matatu ya nje, uhifadhi moja lililo zima. Pasua kichwa mara nne, toa ule moyo mgumu wa katikati, kisha kata nyembamba kama unavyokata kabichi ya kachumbari, na uongeze karoti moja iliyokwaruzwa ukipenda. Nyunyiza chumvi, halafu fikicha kwa mikono miwili kwa muda wa dakika 10. Anayejua kufikicha vitunguu vya kachumbari kwa chumvi anaijua kazi hii: mwanzoni kabichi hukataa, huruka nje ya beseni na kuonekana haitaisha kamwe, kisha ghafla hulegea, hung'aa, na ukiminya konzi moja maji hutiririka katikati ya vidole. Hapo iache ipumzike nusu saa. Zamani vijijini Poland, ambako familia moja ilijaza pipa zima la majira ya baridi, kazi hii ilifanywa kwa miguu: watoto waliosafishwa vizuri waliingia ndani ya pipa na kukanyaga.

Jaza kabichi kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana au chungu kilichopakwa rangi ya kioo ndani, ukiishindilia kwa ngumi tabaka kwa tabaka hadi maji yake yapande juu yake. Acha nafasi ya vidole vitatu hivi juu, kwa sababu itafura. Funika uso wa kabichi kwa lile jani ulilohifadhi, weka juu yake kitu kizito kilicho safi, kwa mfano kichupa kidogo kilichojazwa maji, hakikisha hakuna uzi wa kabichi unaoelea nje ya maji, kisha funika mdomo kwa kitambaa au kifuniko kisichokazwa. Weka sahani chini, la sivyo siku ya tatu utafuta meza.

Kinachofanyika humo ndani hakihitaji hamira wala kianzio chochote. Bakteria wa asidi ya laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha mtindi, tayari wamo kwenye majani. Chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya kabichi na kuwazuia wadudu waharibifu; maji nayo huzuia hewa; na katika mazingira hayo bakteria hao hula sukari ya kabichi na kutoa asidi na gesi. Ndiyo maana siku chache za mwanzo povu hupanda na harufu huwa kali. Kila siku, asubuhi na jioni, choma kabichi hadi chini kwa kijiti kirefu cha mti ili gesi itoke. Mabibi wa Kipolandi husisitiza kwamba asiyechoma atakula kabichi chungu.

Joto ndilo linaloamua muda. Kati ya nyuzi 18 na 22, kabichi hufaa kupikwa baada ya siku 10 hivi na hukamilika katika wiki ya tatu. Nyanda za baridi kama Lushoto, Limuru au Njombe, ambako kabichi yenyewe hustawi, zinafaa sana. Vivyo hivyo Arusha, ambako pale Tengeru waliwahi kuishi maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi kuanzia mwaka 1942. Dar es Salaam au Mombasa mambo huenda mbio, kwani katika joto la nyuzi 30 kabichi huweza kuwa chachu baada ya siku nne au tano tu na ikaanza kulainika upesi, kwa hiyo ionje kila siku na uihamishie kwenye friji mara ukali wake unapokuridhisha. Utando mweupe mwembamba juu ya maji si hatari. Uondoe kwa kijiko. Ukiona ukungu wa manyoya wenye rangi, au kabichi ikiteleza kama bamia, au harufu ikiwa ya kuoza badala ya uchachu safi, mwaga yote na uanze upya.

Sufuria na viungo

Sufuria nyingi za jikoni kwetu ni za alumini, nazo hazifai hapa. Asidi ya kabichi huishambulia alumini katika saa nzima ya kuchemka, ikaiacha sufuria na madoa na mboga ikawa na rangi ya kijivu na ladha ya bati. Tumia sufuria ya chuma cha pua au ile iliyopakwa enameli isiyobanduka. Kikaango cha unga na kitunguu kinaweza kuwa cha aina yoyote.

Kwa walaji watano au sita utahitaji kilo 1 ya kabichi chachu iliyokamuliwa kidogo, kikombe cha maji yake, nusu lita ya maji ya kawaida, majani mawili ya bei, yale makavu yanayotiwa kwenye supu, punje tatu au nne za ziele angielskie, kijiko cha chai cha kisibiti, vitunguu maji viwili vya wastani, gramu 150 za nyama ya nguruwe yenye mafuta iliyokaushwa kwa moshi, vijiko viwili vya chakula vya unga wa ngano, kijiko kimoja au viwili vya chai vya sukari, na pilipili manga iliyosagwa wakati huohuo. Chumvi itafutwe mwishoni kabisa.

Viungo viwili katika orodha hiyo vinahitaji maelezo. Ziele angielskie ni punje za kahawia za mviringo, kubwa kidogo kuliko pilipili manga, zenye harufu ya karafuu na mdalasini kwa pamoja, na katika jiko la Kipolandi hazikosekani kwenye supu wala kwenye kabichi. Ukizikosa, weka punje sita za pilipili manga na karafuu moja tu. Karafuu mbili zitaigeuza mboga kuwa pilau. Kisibiti nacho hufanana na binzari nyembamba hata wauzaji wengine wa viungo huvichanganya, lakini harufu zao ni mbali na mbali. Kisibiti kina ubaridi fulani, na Wapolandi hukitia kwenye kabichi kwa imani kwamba hupunguza gesi tumboni. Binzari nyembamba italeta harufu ya mchuzi wa Kihindi mahali isipotakiwa. Kama huna kisibiti, ni afadhali usiweke kitu.

Kuchemsha

Onja kabichi ikiwa mbichi kabla ya kufanya lolote. Ikiwa ukali wake ni wa kawaida, ule unaokufanya umeze mate lakini uendelee kula, ikamue kwa mikono na uhifadhi maji yake kwenye bakuli, usiisuuze. Ikiwa ni kali mno, isuuze mara moja tu kwa maji baridi, haraka, kisha ikamue. Nyuzi ndefu zikatwekatwe ubaoni mara kadhaa, kwa maana kabichi isiyokatwa huning'inia kwenye uma na kumwaibisha mgeni mezani.

Iweke kwenye sufuria na maji nusu lita, majani ya bei, punje za viungo na kisibiti. Maji yafikie karibu na uso wa kabichi bila kuifunika kabisa. Ichemke kwanza bila kifuniko kwa dakika 15, kwa sababu katika dakika hizo harufu kali ya salfa hutoka, na ukiifungia ndani itabaki kwenye mboga. Harufu hiyo itajaa nyumba nzima na ngazi za jirani pia. Katika magorofa ya Poland mtu hupanda lifti akajua ghorofa ya tatu wanakula nini. Baada ya hapo funika nusu, punguza moto uwe wa kutokota tu, na uache kwa dakika 30 hadi 45 zaidi, ukigeuza mara mojamoja kwa mwiko na kuongeza maji kidogo ya moto iwapo chini kunaanza kushika.

Usishangae ikichelewa kulainika. Asidi huzifanya kuta za mboga zisiachane upesi, ndiyo sababu kabichi chachu huchukua karibu saa nzima pale ambapo kabichi mbichi ingemalizika kwa dakika 15. Kwa aliyezoea kulainisha mlenda au kisamvu, mkono utavutwa kuelekea kwenye magadi. Usithubutu. Magadi yatatoa povu, yatauua uchachu wote kwa dakika moja, na kukuachia uji wa rangi ya majani makavu. Subira ndiyo inayotakiwa, na kabichi iwe tayari pale uzi wake unapokatika kwa kubanwa na ulimi huku ukiwa bado unaonekana ni uzi. Wakati huo maji yawe yamepungua hadi nusu ya kimo cha kabichi. Yakiwa mengi zaidi, chota kikombe kimoja uweke kando, kwani kitahitajika muda si mrefu.

Zasmażka, mahali mboga inapopata jina lake

Neno zasmażana lina asili moja na zasmażka, yaani unga uliokaangwa katika mafuta na kutumiwa kuzitia uzito supu na mboga. Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu kila kitu kingine katika mapishi haya kinasameheka isipokuwa unga ulioungua.

Kata nyama ya moshi vipande vidogo kama kucha ya kidole kidogo, uitie kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, uiache itoe mafuta yake taratibu. Moto ukiwa mkali nyama itakauka nje na mafuta yatabaki ndani. Baada ya dakika saba au nane vipande vitakuwa vimesinyaa na kuogelea katika mafuta maangavu. Vichote uviweke kando, ukiyaacha mafuta, ambayo yanapaswa kufika vijiko vitatu vya chakula. Tia vitunguu vilivyokatwa vidogo na uvikaange hadi viwe na rangi ya asali. Hiki si kitunguu cha kukauka kama cha biriani; kinachotakiwa ni utamu wake, na utamu huo hutoka kikilainika polepole kwa dakika 10 hivi.

Nyunyiza unga juu ya kitunguu, huku mkono mwingine ukigeuza. Unga utanywa mafuta na kuwa kama mchanga uliolowa. Endelea kugeuza hadi chini ya kikaango, kila kona, kwa dakika mbili au tatu. Kwanza utasikia harufu ya unga mbichi, ile ya chapati kabla haijaiva, kisha itageuka kuwa harufu ya njugu zilizokaangwa. Hapo hapo simama. Rangi iwe ya dhahabu isiyokolea. Kwa mchuzi wa nyama wengine huipeleka hadi kahawia, lakini unga wa kahawia hauna nguvu ya kuufanya mchuzi uwe mzito na huleta uchungu unaogombana na uchachu.

Sasa ondoa kikaango motoni, chota vijiko vitatu au vinne vya maji ya kabichi, au kile kikombe ulichoweka kando, na uvimimine kidogo kidogo huku ukikoroga kwa nguvu. Unga utavimba na kuwa rojo nene isiyo na madonge. Ongeza kijiko kingine, koroga tena, na pale rojo inapoteleza kwenye mwiko, imwage yote kwenye sufuria ya kabichi, urudishe na vile vipande vya nyama. Ukiutupa unga mkavu moja kwa moja kwenye kabichi inayochemka utapata madonge ambayo hakuna mwiko utakaoyamaliza.

Changanya vizuri na uache itokote dakika 8 hadi 10 bila kifuniko, ukigeuza mara kwa mara, kwa sababu tangu unga uingie mboga hushika chini upesi. Utaona mabadiliko mbele ya macho: maji yaliyokuwa yakizunguka peke yake chini ya sufuria yanapotea, nyuzi zinavaa rojo inayong'aa, na mboga ukiichota na kuiweka kwenye sahani inakaa kama kichuguu kidogo bila kuvuja maji pembeni. Ikivuja, ipe dakika tano zaidi.

Kinachofuata ni kurekebisha ladha, na utaratibu wake una mantiki. Tia sukari kijiko kimoja cha chai, changanya, onja. Sukari haikusudiwi kusikika; kazi yake ni kuukunja ukali, na ukianza kuhisi utamu umeshapitiliza. Kisha pilipili manga, kwa wingi kidogo kuliko unavyodhani inafaa. Halafu chumvi, ambayo mara nyingi haitahitajika, kwa sababu imo kwenye kabichi na imo kwenye nyama. Mwisho kabisa, kama mboga imepooza, rudisha vijiko viwili au vitatu vya yale maji ya kabichi uliyoyahifadhi, ambayo ndiyo yale bibi aliyoniuliza. Hayo huleta uchachu mpya, mchangamfu, tofauti na ule uliopikwa saa nzima.

Bila nyama ya nguruwe, na bila unga wa ngano

Kwa wasiokula nguruwe mapishi haya hayapotezi kitu cha lazima. Tumia vijiko vitatu vya chakula vya siagi au samli mahali pa mafuta yale. Mimi naona samli ni bora kuliko siagi, kwa vile haiungui unga unapokaangwa na harufu yake inasimama imara mbele ya uchachu. Kinachokosekana ni moshi, na moshi unaweza kuletwa na nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi, ikatwe vidogo na kukaangwa katika samli, au hata samaki mkavu wa moshi kidogo sana, ingawa hapo tutakuwa tumeshaondoka Poland.

Asiyetumia ngano akwaruze kiazi mviringo kimoja kibichi, upande wa matundu madogo, na akitie kwenye kabichi dakika 15 kabla ya kuiva, akigeuza mara kwa mara. Wanga wake utafanya kazi ya unga, na njia hii hutumiwa Poland kwenyewe. Kitunguu kikaangwe peke yake na kutiwa mwishoni.

Njia ya mkesha wa Krismasi: kapusta z grochem

Tarehe 24 Desemba Wapolandi huketi kwenye mlo wa jioni unaoitwa Wigilia, wenye vyakula 12 kwa desturi na usio na nyama. Humo kabichi chachu hurudi ikiwa na njegere kavu zilizopasuliwa. Chukua gramu 200 za njegere za manjano, ziloweke saa chache, kisha zichemshe peke yake katika maji matupu hadi zianze kupasuka. Zisichemshwe pamoja na kabichi hata kwa nia ya kuokoa gesi, kwa sababu asidi ile ile inayochelewesha kabichi itazifanya njegere zibaki ngumu kama kokoto hadi usiku wa manane. Kabichi nayo ichemshwe kama ilivyoelezwa juu, ikiwezekana pamoja na konzi ya uyoga mkavu uliolowekwa tangu jana, na maji ya uyoga yatiwe humo baada ya kuchujwa mchanga. Vikiiva vyote, changanya, ongeza kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta ya mimea au siagi, na pilipili manga nyingi. Unga mara nyingi hauhitajiki, kwa maana njegere zilizopondeka zinatosha kushikamanisha mboga. Mchanganyiko huu umeingia hata kwenye lugha yao: jambo lililovurugika, lisilojulikana mwanzo wala mwisho, huitwa groch z kapustą, njegere na kabichi.

Kabichi uliyobakiwa nayo bila kupikwa usiiache ilale sana. Ikate, changanya na karoti na tufaha lililokwaruzwa, kitunguu kidogo, mafuta vijiko viwili na sukari kidogo, upate mboga mbichi ya kulia samaki wa kukaanga. Hiyo ni kazi ya dakika tano.

Kupakua na kuhifadhi

Viazi vya kuchemsha, vilivyopondwa au vizima na majani mabichi ya bizari, yale yanayoitwa dill kwa Kiingereza, juu yake, ndivyo mwenzi wa kawaida wa kapusta zasmażana. Nyama yenye mafuta huifaa kuliko nyama kavu, kwani uchachu hukata mafuta mdomoni. Kwa sababu hiyo nimeila na ugali na mbuzi wa kuchoma bila kuona kwamba nimevunja mwiko wa mtu. Kuku mweupe wa kuchemsha, kwa upande mwingine, hufunikwa kabisa na mboga hii.

Ikipoa, ihamishie kwenye chombo cha kioo au cha plastiki chenye kifuniko, ambamo itakaa kwenye friji siku nne. Siku ya pili huwa nzuri kuliko ya kwanza, uchachu na mafuta vikiwa vimezoeana usiku kucha. Wakati wa kuipasha usiichemshe kwa haraka: weka siagi au samli kiasi cha ncha ya kijiko kwenye kikaango, tandaza mboga, iache dakika mbili tatu bila kuigusa hadi upande wa chini uanze kupata rangi ya kahawia kingoni, kisha igeuze mara moja na kuipakua.